Namna ya Kutumia "Hold Someone Spellbound" Bila Kumroga Mtu

Kazi yangu ni kuhariri. Watu hunitumia maandishi yao ya Kiingereza, nami nayanyoosha kabla hayajatoka. Siku nyingine natafsiri. Ipo misemo ambayo nikiiona kwa mbali tu mkono wenyewe unaifuata kalamu nyekundu, na "hold someone spellbound" unaongoza. Unapendwa mno. Nimeukuta kwenye wasifu wa wahubiri, kwenye ripoti za matamasha, kwenye barua za kuomba kazi ya mauzo, na ni nadra sana kuukuta mzima. Mara "spellbounded", mara "spell bond", mara mtu kaandika kwamba yeye "is very spellbinding" bila kujua kuwa ameshajisifu mbele za watu.

Tuanze na maana, maana makosa mengi ya sarufi chanzo chake ni kutojua msemo unabeba nini hasa.

Ukisema "she held them spellbound", unasema kwamba alichokuwa akikifanya, iwe ni kusimulia, kuimba, kucheza kinanda au kutetea kesi, kiliwashika watu hata wakasahau mengine yote. Hawakunong'ona, hawakutazama saa, hawakukumbuka kwamba viti ni vigumu. Msemo huu ni wa utulivu. Watu wametulia tuli, masikio wameyatega. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuutumia kila mahali palipokuwa na furaha. Umati uliocheza, ukapiga vigelegele na kuimba pamoja na mwanamuziki haukuwa "spellbound"; ulikuwa na raha zake, na Kiingereza kina maneno tele ya raha. Ule uliosahau hata kupiga makofi mpaka wimbo ulipokwisha kabisa, huo ndio.

Kipimo ninachowapa wateja wangu ni kifupi. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, uiongezee "hata hakuna aliyekohoa". Ikikubali, msemo unakufaa. "Hadithi iliwanasa watoto, hata hakuna aliyekohoa": inakubali. "Shahidi alieleza alivyoponea ajali ile, hata hakuna aliyekohoa": inakubali vizuri sana. "Wali ulikuwa mtamu, hata hakuna aliyekohoa": hapo unacheka, na msomaji wa Kiingereza naye atacheka akisoma kwamba wali "held us spellbound". Mandhari yanakubali mradi mtu asimame ayatazame. Nguo mpya ya mtu haikubali, hata ikiwa nzuri vipi, kwa sababu nguo hutazamwa mara moja ikapita. Kwa hilo Waingereza wana "turn heads", kugeuza shingo za watu, na shingo ikishageuka hurudi.

Sasa suala la uchawi, maana lazima liulizwe. "Spell" ni maneno ya kuroga, na "bound" ni aliyefungwa. Kwa hiyo "spellbound", ukiipasua, ni mtu aliyefungwa kwa maneno ya mganga. Mteja mmoja alinitaka niuondoe msemo huu kwenye wasifu wa mhubiri wake kwa sababu hiyo. Nikauondoa, ingawa kwa maoni yangu Mwingereza wa leo haoni hirizi wala kibuyu anapousoma, kama ambavyo sisi tukisikia "aliteka nyoyo za wengi" hatuoni pingu. Lakini maandishi huandikiwa wasomaji, na kama wasomaji wako watasononeka, mhubiri anaweza "hold the congregation's full attention" na mambo yakaenda.

Anayetaka kujibu hoja hiyo kwa kisomo anaweza kusema hivi. Katika Kiingereza cha kale "spell" halikuwa hasa neno la uchawi. Lilikuwa na maana ya usemi, habari, hadithi. Neno "gospel", yaani Injili, limejengwa nalo: lilikuwa "godspel", habari njema. Maana ya maneno ya kuroga ilikuja kushika baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 16.

Na msemo wetu si peke yake katika ukoo huu. Kiingereza, kila kinapotaka kusema kwamba mtu amevutiwa kupita kiasi, hukimbilia sehemu mbili: kwa mganga au kwa mateka. "Enchant" limetoka kwenye Kilatini cha kuimba juu ya mtu mpaka anaswe, na ndani yake mna "cantare", kuimba. "Charm" nalo ni la wimbo, kutoka "carmen". "Fascinate" ni kali zaidi: kwa Warumi kitenzi chake kilikuwa ni kumtupia mtu jicho baya. Upande wa mateka kuna "captivate", ambalo limetokana na neno la Kilatini la mfungwa wa vita, na "enthral", kumfanya mtu "thrall", mtumwa. Mswahili anayesema "amenitekea moyo" na Mwingereza anayesema "captivate" wamefika mahali pamoja kila mmoja kwa njia yake, na ndiyo maana "captivate" huwa jepesi kwetu kulitafsiri kuliko "spellbound".

Wawili katika ukoo huo nawapenda kupita wote. "Mesmerize" ni jina la mtu: Franz Anton Mesmer, daktari aliyezaliwa mwaka 1734 na kufariki 1815, aliyefanya kazi Vienna kisha akahamia Paris. Alidai kwamba kuna nguvu isiyoonekana ipitayo kwenye miili, na kwamba yeye anaweza kuiongoza ili iponye. Wagonjwa walimiminika, wengine wakazirai. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliunda tume ya kuichunguza nguvu hiyo. Ndani yake walikuwemo Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier, nao wakahitimisha kwamba nguvu yenyewe haipo. Kilichokuwa kikiwatikisa watu ni fikra zao wenyewe. Mesmer akaanguka, jina lake likabaki kwenye kamusi. Wa pili ni "glamour". Neno hili linalopambwa kwenye majarida ya mitindo ni "grammar" lililogeuzwa matamshi huko Scotland. Zamani mtu aliyejua kusoma na kuandika alidhaniwa kuwa na elimu ya siri pia, kwa hiyo sarufi na mazingaombwe vikawekwa kapu moja. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyelieneza kwa wasomaji wa Uingereza. Nikiwaambia wanafunzi wa sarufi kwamba somo lao ndilo mama wa "glamour" hawaniamini.

Turudi kazini. Muundo wa msemo ni huu: anayeshika, kisha "hold" katika wakati unaotakiwa, kisha wanaoshikwa, kisha "spellbound". "The old judge held the students spellbound." "His voice holds you spellbound." "The final set held the crowd spellbound for two hours." Neno "spellbound" linakaa nyuma ya watu. Usiliwahishe, "held spellbound the students" inakwaruza sikio. Anayeshika anaweza kuwa mtu, sauti, hadithi, mechi, hata ukimya. Wanaoshikwa sharti wawe na masikio au macho: watoto, umati, mahakama, "the room" kwa maana ya watu waliomo chumbani. Ukitaka kuonyesha kwamba jambo liliendelea, "keep" inaweza kukaa mahali pa "hold".

Unaweza pia kumwondoa kabisa anayeshika ukabaki na waliotulia: "They sat spellbound." "We listened spellbound." "She stood spellbound at the window." Hizi ndizo ninazozipendelea, na ndizo ambazo waandishi wetu hawazitumii. Kile kitenzi cha mwili, kukaa, kusimama, kusikiliza, kinabeba nusu ya picha, na sentensi inakuwa fupi. Ukiwa na hadithi mkononi na hujui uanzie wapi, anzia hapo.

Ukitaka kutaja kilichowashika kwa nyuma, kihusishi ni "by". "I was spellbound by her voice." Waswahili wengi huandika "with", na najua linakotoka: "na" yetu inafanya kazi zote, ya kuandamana na ya kutendwa, hivyo "nilinaswa na sauti yake" inamsukuma mtu kwenye "with". Kiingereza kimezigawa kazi hizo. Anayetenda ni "by", anayeandamana ni "with".

"Very" usiitie. Neno lenyewe limeshafika mwisho wa ngazi. Hatusemi "walitulia tuli sana", sivyo? Ukibanwa kabisa weka "completely" au "utterly", lakini mimi nikiyaona nayafuta mara nyingi.

Kosa la "spellbounded" linastahili aya yake. "Bound" tayari ni wakati uliopita wa "bind", kufunga: "bind, bound, bound". Ukiongeza "-ed" unakuwa umefunga kilichokwisha kufungwa. Kitenzi "spellbind" kipo, na unaweza kukuta "the story spellbinds its readers", ila kina harufu ya tangazo la biashara. Nakiachia walioandika jalada la nyuma la kitabu. Waandishi hao pia wanaipenda "spellbinding" mpaka imechakaa. Vitabu vyote vipya vinavyonipitia mezani ni "spellbinding", sijui wanaopitiwa na usingizi ukurasa wa tatu husoma vipi vingine.

Tofauti ya "spellbinding" na "spellbound" ni ileile ya "boring" na "bored", ambayo walimu wetu walitupigia kelele. Chenye "-ing" ndicho kinachofanya watu wanaswe. Mwenye "-bound" ndiye aliyenaswa. "The lecture was spellbinding, and we were spellbound." Mtu akisema "I am spellbinding", kasema kwamba yeye akifungua kinywa dunia inasimama. Huenda ni kweli, lakini amwachie mwingine aliseme. Kuna pia "spellbinder", mtu mwenye kipaji hicho. Neno hilo lilishika kasi Marekani katika miaka ya 1880 kwenye kampeni za urais, likiwa jina la wazungumzaji waliotumwa majukwaani kuwashika wapiga kura kwa maneno. Leo hata mechi au riwaya huitwa hivyo.

Uandike kama neno moja, bila kistari. Vitabu vya zamani vina kistari, usiviige. Mkazo uko mwanzoni: SPEL-baund.

Kuna mtego wa "bound" ambao huwanasa hata wanaojua. Kuna "-bound" mbili zinazofanana kama mapacha lakini si ndugu. Moja ni hii ya kufunga: "snowbound", aliyezuiwa na theluji, "housebound", asiyeweza kutoka nyumbani, "deskbound", anayeshinda mezani. Nyingine ina maana ya kuelekea mahali, na asili yake ni neno la Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, lenye maana ya aliye tayari: "northbound", "a London-bound train". Anayechanganya hizi husoma "spellbound" akadhani mtu yuko safarini. Na "spell" nayo ina mapacha wake: "spell your name" ni kutaja herufi moja moja, "a dizzy spell" ni kizunguzungu cha muda, "a cold spell" ni siku za baridi. Huko hakuna aliyenaswa na kitu.

Sasa sikiliza tofauti hii kwa makini, kwa sababu hapa kosa si la sarufi tena, ni la adabu. "Spellbound" ni sifa na ni ya muda: saa moja, jioni moja, mpaka pazia lishuke. Lakini "under someone's spell" ni habari nyingine. Aliye "under his spell" amekaa humo siku nyingi, na anayesema hivyo mara nyingi anatazama kutoka nje, anaona kitu ambacho mwenyewe hakioni. "She fell under his spell at university": huenda ni mapenzi, na huenda msimulizi anakuandaa kwa machozi. "The whole board was under the chairman's spell": hiyo ni shutuma, inasema wajumbe waliacha kufikiri. Nimewahi kusoma hotuba ya kumuaga mkurugenzi iliyomsifu kwamba wafanyakazi wote walikuwa "under his spell". Aliyeiandika alikusudia mapenzi. Kilichoandikwa ni kwamba mkurugenzi aliwapumbaza. Ukitaka kusifu, "hold" na "spellbound". Ukitaka kutia shaka, "under". Ukiwa huna hakika unataka lipi, subiri kwanza.

Katikati yao kuna "cast a spell". Kitenzi hakibadiliki: "cast" leo, "cast" jana, "cast" katika "has cast". "Casted" ifute bila huruma. Baada yake unaweza kuweka "on" au "over". Kwa wachawi wa kwenye hadithi hutumika zaidi "on"; kwa maana ya kuvutia, hasa mahali au muziki unapovuta kundi, "over" ina ulaini zaidi: "The music cast its spell over the hall." Na kila kilichofungwa hufunguliwa. "Break the spell" ni pale kitu kidogo kinapowarudisha watu duniani: simu, kikohozi, mlango uliobamizwa. "Then a phone rang and the spell was broken." Sentensi hii ina faida kubwa kwa msimulizi, kwa sababu inaonyesha ukimya uliokuwepo kwa kuuvunja, na hahitaji tena kueleza kwamba watu walikuwa kimya.

Kuhusu kutafsiri kwenda Kiswahili, shauri langu ni moja: ligeuze tendo, usiligeuze neno. Tafsiri zenye "aliwashikilia wakiwa wamerogwa" zipo, nimezisoma, na zinafanya msimulizi mwema aonekane anastahili kukamatwa. Kitenzi kinachofaa hutegemea kilichotokea. Kama walisikiliza, "walimtegea masikio, kimya kimetanda". Kama walitazama, "hawakubandua macho". Kama ni kundi zima, "aliiteka hadhira" inatosha. Ila usiseme "aliteka watu" ukaishia hapo, maana msomaji atangoja kusikia kiasi cha fidia. "Kuduwaa" na "kubaki midomo wazi" ni vya mshangao: vina mshtuko ndani, na vinakwisha haraka, ilhali "spellbound" inadumu. "Kusisimua" inakwenda upande wa pili kabisa, wa damu kuchemka. Iweke kwa "thrilling". Karibu zaidi na msemo wenyewe, kwa sikio langu, ni "kunasa", kwa sababu aliyenaswa hatoki mpaka aachiliwe. "Aliwanasa kwa simulizi yake tangu neno la kwanza." Nimeutumia huo mara nyingi na hakuna mhariri aliyeurudisha.

Kuutumia kwenye mazungumzo ya kawaida, taratibu. Msemo una nguo ya kutokea. Unafaa kwenye uhakiki, simulizi, hotuba ya kumkaribisha mgeni, taarifa ya tamasha. Ukiwa na rafiki mnazungumzia tamthilia ya jana, sema "I was hooked" au "I was glued to the screen". Kwenye barua ya kazi usiuandike kabisa. Mwajiri akisoma "I hold customers spellbound" ataogopa wateja wake. Mwandikie "I can hold an audience's attention", kisha umtolee mfano. Na popote utakapoutumia, utumie mara moja, kisha uweke pembeni yake jambo moja linaloonekana. "He held us spellbound" ikiwa peke yake ni dai tu. "He held us spellbound, the tea went cold in our hands" ni ushahidi.

Nakuachia sentensi nne za kunyoosha, zote za aina ninayokutana nayo. Zijaribu kabla ya kutazama majibu.

Ya kwanza: "The speaker spellbounded us with his wisdom." Ya pili: "I was very spellbound from the film." Ya tatu: "The dancers casted a spell to everyone." Ya nne, iliyoandikwa kwa nia ya kumsifu mwalimu mkuu: "All parents are under her spell."

Ya kwanza inakuwa "The speaker held us spellbound", na hiyo "with his wisdom" tungeiondoa; tuambie alisema nini. Ya pili, "I was spellbound by the film", au bora zaidi "I watched the film spellbound". Ya tatu, "The dancers cast a spell over everyone", lakini kabla ya kuipitisha ningeuliza: watazamaji walitulia, au nao waliinuka wakacheza? Kama waliinuka, tafuta msemo mwingine. Ya nne haina kosa hata moja la sarufi. Mpigie simu aliyeiandika, umuulize kama ana ugomvi na mwalimu mkuu.